Nembo na Fundi Wake

Mwanafunzi asomaye insha hii huenda ameketi karibu na picha ya Nembo ya Taifa. Imetundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, imechapwa katika vyeti, na imo katika barua zitokazo serikalini. Bwana na bibi wamesimama wakishika pembe za ndovu. Kati yao iko ngao yenye mwenge, mkuki, shoka na jembe. Miguuni pao pana karafuu na pamba. Na chini kabisa yako maneno Uhuru na Umoja. Hayo yote mwanafunzi ameyakariri tangu shule ya msingi. Lakini ni wachache mno waliopata kuulizwa swali hili: neno lenyewe, nembo, lilikaa wapi kabla halijakaa katika karatasi?

Lilikaa katika ngozi ya mtu. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapwa mwaka 1939, yaeleza nembo kuwa ni alama ya kabila ichanjwayo mwilini. Wamakonde nao wanazo dinembo zao, na yule azichoraye humwita mpundi wa dinembo. Msomaji hahitaji mkalimani kuona kwamba mpundi huyo ni ndugu wa fundi wetu, na dinembo hizo ni ndugu za nembo yetu. Basi Taifa lilipotafuta neno la kuiita alama yake kuu, halikuazima kwa Mwingereza wala kwa Mwarabu. Lilichukua neno lililokuwa usoni mwa wazee wetu. Heshima hiyo ni kubwa, na inatupa haki ya kuuliza kama tuliichukua alama pamoja na heshima ya yule aliyeichora, au tulichukua alama tukamwacha fundi njiani.

Katika insha hii tunakusudia kuihakiki sanaa ya nembo kama mhakiki ahakikivyo shairi. Tutaitazama fani yake, kisha maudhui yake, na zaidi ya yote tutaitazama kazi ya fundi mwenyewe. Tunaiandika tukiwa katika Mkoa wa Songwe, mjini Tunduma, mahali ambapo watu wa nchi nyingi hupita kila siku wakiwa na alama za kila namna miilini mwao. Kwa hiyo si jambo la makumbusho tunalolizungumza. Ni jambo lililo mbele ya macho yetu.

Maneno matatu

Hapana budi kwanza kutenga maneno matatu ambayo watu huyachanganya.

Neno la kwanza ni chale. Chale ni mkato mdogo wa ngozi, na aghalabu huchanjwa kwa ajili ya dawa. Mganga hukata kwa wembe kifuani, mgongoni au kwenye viungo, kisha husugua unga wa dawa. Alama ibakiayo si shabaha yake; shabaha ni tiba au kinga. Katika nyanda zetu hizi za juu za kusini wako wazee wengi wenye chale za namna hiyo, nao hawazionyeshi kwa mtu wala hawazionei fahari. Atakayemtazama mzee wa Kinyiha mwenye chale mbili kifuani akasema, hii ndiyo nembo ya Wanyiha, atakuwa amekosea sawa na mtu aliyeona kovu la sindano ya ndui akadhani ni pambo.

Neno la pili ni nembo. Nembo hukusudiwa ionekane. Ina mpango, ina ulinganifu, na ina watu wanaojua kuisoma. Mkato wake ni njia tu ya kulifikia umbo.

Neno la tatu ni tatuu, nalo ni geni. Asili yake ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako Wasamoa huita kazi hiyo tatau. Mabaharia wa Kapteni Cook walilisikia neno hilo huko Tahiti mwaka 1769, wakalipeleka Ulaya. Huko Ulaya na Marekani kazi hiyo ikapata mashine: mwaka 1891, Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya chombo cha umeme cha kutia wino katika ngozi, akiwa ameifuata kanuni ya kalamu ya umeme ya Edison. Mashine za namna hiyo ndizo zitumiwazo leo na vijana wa mijini. Yafaa ieleweke basi kwamba hata tatuu, ambayo wengi wetu huiita uzungu, Mzungu aliiazima kwa watu wengine waliokuwa na utamaduni wao. Aliyeazima akatengeneza mashine, akafungua duka, akaweka jina lake mlangoni. Jambo hilo la jina mlangoni tutalirudia.

Kazi ya fundi

Tuutazame sasa usanii wenyewe. Tumewachagua Wamakonde kwa sababu kwao nembo ilifika kilele chake, na kwa sababu kazi yao imeandikwa kuliko ya watu wengine. Mjerumani Karl Weule alipozunguka kusini mwa nchi yetu mwaka 1906 aliwaona Wamakonde, Wayao na Wamakua, akaandika habari za chale zao na za ndona, yaani kile kigingi cha mdomo wa juu walichokivaa wanawake. Baadaye Jorge Dias na mkewe Margot walifanya utafiti mrefu ng'ambo ya Ruvuma, wakachapisha vitabu vyao tangu mwaka 1964.

Mpundi wa dinembo alikata ngozi kwa kisu kidogo, kisha akaisugua mikato kwa masizi ya mbegu za mbarika. Jeraha lilipopona, masizi yalibaki chini ya ngozi yakatoa rangi ya buluu iliyokoza. Kazi haikwisha kwa siku moja. Mikato ilirudiwa baada ya kupona, ili mistari ikolee na kuinuka. Mistari hiyo ilikuwa pembe zilizopangwa moja ndani ya nyingine, mistari ya kupindapinda, na maumbo ya mambo yanayojulikana: mnazi, buibui, mjusi, mamba. Nembo ziliwekwa usoni, na pia kifuani, tumboni na mgongoni.

Mtu aliyezoea kutunga mashairi hawezi kuitazama kazi hiyo asione jamaa yake. Pembe zirudiazo shavuni ni kama vina: sikio, au hapa jicho, hulitazamia umbo lirudi, nalo hurudi. Shavu la kulia hulijibu shavu la kushoto kama kipande cha pili cha mshororo kijibuvyo kile cha kwanza, na pua husimama katikati kama kituo. Lakini fundi wa nembo alikuwa na taabu tatu ambazo mshairi hanazo. Ya kwanza, karatasi yake haikuwa bapa. Uso una mfupa na shimo, una mahali pa kucheka na mahali pa kulia, na mstari ulionyooka mtu akinyamaza hupinda akicheka. Fundi hodari aliufuata mfupa wa shavu ili nembo ikae sawa uso ukicheza. Ya pili, rangi yake ilikuwa nyeusi juu ya nyeusi. Hakuwa na karatasi nyeupe ya kumsaidia. Alitegemea mwinuko wa ngozi na namna mwanga unavyoangukia, kwa hiyo kazi yake husomeka vizuri zaidi asubuhi na jioni kuliko adhuhuri, na yaweza kusomwa hata kwa kidole. Ya tatu, hakuwa na kifutio. Mshairi akikosa mizani hufuta mshororo akaandika mwingine. Fundi wa nembo akikosa, kosa lake litakwenda sokoni kila siku kwa muda wa miaka sitini, likionekana na kila mtu.

Kutokana na hayo tunasema bila kusita kwamba nembo ilikuwa sanaa, tena sanaa ngumu. Waliotufundisha kuiita ushenzi walikuwa hawajaitazama. Walikuwa wameitazama ngozi tu. Na walio wengi katika sisi tuliosoma tuliipokea kasumba hiyo bila kuipima.

Hata hivyo mhakiki si mpiga debe, na heshima kwa wazee haitufungi macho. Nembo iliumiza. Aghalabu ilichorwa katika umri ambao mtoto hakuwa na uwezo wa kukataa, na kijana aliyekimbia kisu alidharauliwa na rika lake. Alama iliyoniunganisha na wenzangu wa kabila iliweza pia kunitenga na jirani yangu wa kabila jingine. Tena kisu kilichotoka mwili mmoja kwenda mwili mwingine kilikuwa na hatari ambazo leo tunazifahamu kwa majina yake: homa ya ini, na Ukimwi, uliotambuliwa nchini kwetu mwaka 1983 huko Kagera. Haya si mambo madogo. Atakayewaambia vijana warudi kwenye kisu na masizi kwa jina la utamaduni atakuwa hakuuelewa utamaduni wala uzazi. Kupotea kwa kisu kile hakutusikitishi. Kinachotusikitisha ni kwamba fundi alipotea pamoja nacho.

Kutoka ngozi hadi mti

Fundi hakupotea mara moja. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kuja Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine waliwafuata wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964 na kuzaa uhuru mwaka 1975. Katika miaka hiyo uchoraji wa nembo ulipungua sana. Vijana waliofanya kazi pamoja na watu wa makabila mengine hawakutaka tena kuwa na kabila usoni, na viongozi wa mapambano nao waliwahimiza watu wajione kuwa taifa moja.

Lakini nembo ilikuwa imekwisha kupata makao mengine. Katika vinyago vya mapiko, vivaliwavyo kichwani katika ngoma za jando na unyago, mchongaji alikuwa akiziweka nembo zilezile, mara nyingine kwa kuchonga na mara nyingine kwa kubandika vipande vyembamba vya nta. Yako pia mapiko ya kiwiliwili, yenye umbo la mwanamke mja mzito, ambayo tumboni yamechorwa nembo zilizoinuka kama zilivyo katika mwili. Kwa hiyo mkono uliojua ngozi ulikuwa ukijua na mti. Wachongaji wa Kimakonde walipoanza kuchonga mpingo kwa ajili ya soko la Dar es Salaam, macho ya wanunuzi yaliona mtindo mpya. Lakini uhodari wa kuupitisha mstari juu ya umbo la mviringo bila kuuvunja ulikuwa mkongwe.

Hapo ndipo tukio la kuzingatiwa linapotokea. Mchongaji wa mpingo ana jina. Tunamjua Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani katika miaka ya 1950. Tunamjua Roberto Yakobo Sangwani, ambaye jina lake limeambatana na mtindo wa ujamaa, ile nguzo ya watu waliopandana na kushikana. Tunamjua George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, ambaye kazi zake zimetembea duniani kote. Kwa nini basi tuwajue hao, na tusimjue hata mpundi mmoja wa dinembo aliyechora nyuso mia?

Jibu letu ni kwamba jina lilifuata risiti. Kinyago kilinunuliwa, mnunuzi alitaka kujua ni cha nani, kwa kuwa jina lilizidisha bei. Uso wa mtu haukuuzwa, na kwa hiyo hakuna karani aliyehitaji kuandika jina la aliyeuchora. Wageni waliopiga picha waliandika chini ya picha "mwanamke wa Kimakonde", wala hawakuandika jina la mwanamke, sembuse la fundi. Fundi alikuwa akijulikana, tena sana, lakini alijulikana kwa watu waliozijua kazi zake kwa kuzitazama, nao walikufa mmoja mmoja.

Fomu ya mpakani

Tusiwalaumu wageni peke yao. Katika miaka ya 1990 tulikuwa karani kijana katika ofisi moja ya mpakani. Kazi yetu ilikuwa kujaza fomu za watu waliotaka kuvuka kwenda Zambia. Fomu ile ilikuwa na mstari wa alama za pekee mwilini, na tulijifunza kuujaza haraka: kovu la mguu, kidole kilichokatika, hana.

Siku moja alifika mama mmoja mzee, mzaliwa wa kusini, akienda kumtazama binti yake aliyeolewa Nakonde. Uso wake ulikuwa na nembo kutoka kipajini hadi kidevuni. Tuliandika: makovu usoni. Yeye hakujua kusoma, akatuuliza tumeandika nini. Tukamsomea.

"Mwanangu," akasema, "kovu ni la aliyeanguka. Mimi sikuanguka. Nilikaa nikachorwa."

Tukamwomba radhi kwa mdomo tu, maana foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Yeye akaendelea kwa utulivu. Akatuambia jina la fundi aliyemchora, na jina la kijiji cha fundi huyo, na kwamba watu walikuwa wakitembea siku mbili kumfuata kwa sababu mstari wake haukutetemeka. Tulimsikiliza kama karani amsikilizavyo mzee, yaani kwa kuitikia huku mkono ukipiga muhuri. Jina lile hatukuliandika. Fomu haikuwa na nafasi yake, nasi hatukuwa na busara ya kuliandika pembeni. Leo tumejaribu mara nyingi kulikumbuka, halikumbukiki. Twakumbuka mstari usiotetemeka. Mwenye mstari tumempoteza sisi wenyewe, kwa mkono wetu, mchana kweupe, tukiwa na kalamu.

Tumelieleza jambo hili kwa sababu walimu na watumishi wa umma ndio wajazao fomu za nchi hii. Tukiandika makovu, yatabaki makovu. Huko Kenya liko somo kubwa zaidi la jambo hili. Wamakonde waliokwenda Pwani ya Kenya kufanya kazi katika mashamba walikaa vizazi kadhaa bila vitambulisho, kana kwamba hawakuwako. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 waliondoka Kwale wakatembea kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais. Ndipo ikatolewa amri wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wazee wao walikuwa na nembo zilizowatambulisha popote walipokwenda, ila mbele ya karani hazikuwa na thamani. Karani hakuwa na elimu ya kuzisoma.

Wenye majina

Je, yawezekana fundi wa ngozi akahesabiwa miongoni mwa wasanii wakubwa? Yawezekana, na mfano uko. Katika kijiji cha Buscalan, mkoani Kalinga, katika kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, yuko mwanamke aitwaye Whang-Od, atajwaye kuwa alizaliwa mwaka 1917. Alijifunza akiwa msichana kuchora kwa mwiba wa mbalungi uliofungwa katika kijiti, akiugonga kwa kijiti kingine, na wino wake ni masizi na maji. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mashujaa waliorudi vitani, na ya wanawake kama pambo. Vita vya makabila vilipokwisha, kazi ilikaribia kufa. Yeye aliendelea. Watu wa dunia nzima wakaanza kupanda mlima kumfuata, akawafundisha wajukuu wa ndugu zake, akina Grace Palicas na Elyang Wigan. Mwezi wa Aprili 2023 picha yake ilitokea juu ya jalada la jarida la Vogue la Ufilipino, akiwa na umri wa miaka 106. Wageni wengi huomba alama moja tu kutoka kwake: nukta tatu, ambazo ndizo sahihi yake.

Msomaji azitazame nukta hizo tatu. Hazina uzuri wa pekee. Mtoto aweza kuziweka. Thamani yake ni kwamba zinasema nani aliziweka. Huyu ni fundi wa masizi na mwiba, ndugu kabisa wa mpundi wetu wa masizi na kisu, lakini yeye anayo sahihi. Hata hivyo sifa imemletea matatizo pia. Mwaka 2021 palizuka ubishi mkubwa huko kwao juu ya mafunzo yaliyouzwa katika mtandao kwa jina lake, watu wakiuliza kama yeye na jamii yake walikuwa wameridhia. Jina ni mali. Lisipolindwa huibwa kama mali nyingine. Lakini aliyeibiwa jina angalau alikuwa nalo.

Sisi hatuhitaji kwenda Ufilipino kupata mfano wa pili. Turudi kwenye picha iliyotundikwa ofisini. Mwaka 2017 vyombo vya habari vilimkuta mzee Francis Maige Kanyasu, aitwaye Ngosha, akiishi katika dhiki Dar es Salaam. Alieleza kwamba ni yeye aliyeichora Nembo ya Taifa. Alifariki mwezi wa Mei mwaka huohuo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wengi walimkubali, wako pia waliolitaja jina la msanii mwingine. Insha hii haikusudii kukata shauri hilo. Tunachokitaja ni kwamba shauri lenyewe liliwezekana kuwako. Nembo ambayo imo katika kila cheti na kila jalada la serikali ilikaa zaidi ya nusu karne bila mtoto wa shule kufundishwa jina la aliyeishika kalamu. Tulilichukua neno kutoka usoni mwa wazee, na inaonekana tuliichukua na desturi ya makarani: alama iandikwe, fundi asiandikwe.

Vijana wa Tunduma

Sasa tuwatazame vijana wetu. Tunduma ni mlango. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapa pia. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na malori husimama foleni yakisubiri kuvuka. Katika foleni hiyo mhakiki aweza kuwaona vijana wenye waridi mkononi, jina la mpenzi shingoni, nyota, msalaba, simba, au maneno ya lugha ambayo mwenye mkono haisomi. Wazee huwatazama wakasema ni wahuni. Mwalimu huwatazama akasema hawatapata kazi. Sisi tungependa kwanza watazamwe kama kazi ya sanaa, yaani wahukumiwe kwa haki.

Kwa mizani ile tuliyoitumia kwa nembo, nyingi za alama hizi hazifaulu. Umbo limetolewa katika picha bapa likabandikwa juu ya mkono wa mviringo. Mkono ukigeuka, simba hukatika shingo. Wino mwepesi uliokusudiwa ngozi nyeupe umetiwa katika ngozi yetu, ukafifia. Na maudhui yake ni ya mtu mmoja: akibadilika moyo, alama haina tena msomaji. Hapo wahenga walikwisha kusema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini tumewaona pia wachache ambao mchoraji wao alijua kazi. Mstari umeufuata msuli, weusi umeachwa uwe weusi, na umbo limetulia. Tulipouliza ni kazi ya nani, kijana alitaja jina mara moja, akatuelekeza na mahali. Jambo hilo lilitufurahisha kuliko alama yenyewe. Katika jambo moja vijana hawa wametupita: wanamjua fundi wao.

Wajibu wetu

Twamalizia kwa kusema yale tuyatakayo, ili insha isiwe maombolezo.

Hatutaki mwalimu awahimize wanafunzi kuchora miili yao. Mwili wa mtoto si daftari, na sindano au wembe uliotumiwa na mwingine ni hatari isiyo na mjadala. Kijana angoje awe mtu mzima, ajue anachokifanya, na amtafute mwenye vyombo safi.

Tunataka mwalimu awafundishe wanafunzi kusoma. Mtoto akimwona bibi mwenye nembo, aache kucheka, akae, aamkie, aulize. Aulize umbo laitwaje. Aulize lilichorwa lini na wapi. Kisha aulize swali ambalo sisi tulijibiwa bila kuuliza, tukalitupa: nani alikuchora? Jibu aliandike siku hiyohiyo, kwa jina kamili na kijiji.

Wala swali hilo lisiishie kwa wenye nembo. Hapa Unyiha palikuwa na wafuaji hodari waliojenga matanuri marefu ya udongo, wakayeyusha chuma na kufua majembe. Watoto wetu wanafundishwa kwamba Wanyiha walifua chuma. Ni kweli, lakini Wanyiha wote hawakufua chuma. Walifua mafundi, kila mmoja na jina lake, na wako wazee wachache ambao bado wanasimulia majina ya babu zao waliofanya kazi hiyo. Mkoa wetu uliundwa mwaka 2016. Ni mchanga, na daftari lake la utamaduni bado lina kurasa nyingi tupu. Shule moja ya sekondari, darasa moja, likizo moja, zatosha kuzijaza kadhaa.

Mwenye kuhakiki shairi huanza kwa kutaja mtunzi. Tuihakiki na kazi ya mikono kwa adabu hiyohiyo. Fomu za ofisini huenda zisibadilike upesi, lakini kila karatasi ina pembeni, na kalamu tunayo.